Nilivyowalisha watoto wa nguruwe uji wa kuchacha hadi kuhara kukaisha

Nafugia Njiru, Nairobi, kwenye ploti ya hamsini kwa mia, nguruwe jike watatu tu. Yule wa kwanza alinizalia watoto 11. Nikawaachisha ziwa wakiwa na wiki tano, wamenawiri, kila mmoja na kilo 8 hivi. Siku ya nne wakaanza kuhara maji ya njano. Wiki haikuisha kabla sijazika wanne, na yule wa mwisho alikonda kwa siku mbili hadi mifupa ya mgongo ikahesabika. Niliumia sana.

Daktari wa mifugo aliyekuja kuwatibu waliobaki ndiye aliyenifungua macho. Mtoto wa nguruwe anaponyonya, sukari ya maziwa hugeuzwa na bakteria wazuri kuwa asidi ya laktiki tumboni, na asidi hiyo ndiyo ngao yake. Maziwa yakikatika, tumbo lenyewe halijakomaa kutoa asidi ya kutosha, na E. koli, bakteria wanaoleta kuhara, hupata nafasi. Juu ya hayo, aliyezoea kupata chakula na kinywaji kwa mkupuo mmoja sasa anakuta unga mkavu huku na maji kule. Wengine hukaa siku nzima bila kula. "Wape chakula cha majimaji kilichochacha," akaniambia, "asidi waipate ndani ya chakula chenyewe."

Nikanunua pipa la plastiki la lita 100, kwa kuwa la chuma huliwa na asidi. Nikachanganya mahindi yaliyosagwa na polladi (pumba laini za ngano), kilo 1 kwa lita 3 za maji. Maji ya mfereji huwa nayaacha ndoo wazi usiku kucha kwanza ili klorini ipungue, isije ikaua bakteria ninaowahitaji. Jioni ya siku ya pili pipa lilikuwa na povu na harufu kali, nikaona limeiva, nikawawekea horini. Kesho yake kuhara kukarudi.

Jirani yangu ni shosho anayeuza uji wa kuchacha pale stejini. Nilimwita anuse. Hakuhitaji hata kuinama.

"Kijana wangu, hii inaoza, haijachacha. Ngoja siku tatu, nne. Na ikiwa tayari usiimalize, bakiza ya kesho."

Baadaye nilielewa kwa nini alikuwa sahihi. Siku mbili za mwanzo bakteria wabaya huzaliana pamoja na wazuri, kwa sababu asidi bado ni kidogo. Kwa hiyo nilichokuwa nawalisha ni ugonjwa wenyewe. Nikatafuta karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa asidi (namba ikishuka, asidi imepanda), kwenye duka la vifaa vya maabara mjini. Siku ya kwanza pipa lilisoma karibu 6, siku ya nne likafika 4, na harufu ikawa ya mtindi. Sasa silishi kabla haijashuka chini ya 4.5. Kila mara natoa nusu, nusu inabaki kama chachu, najaza tena nafaka na maji kwa kipimo kilekile. Chachu ikishakomaa hurudisha asidi haraka, zile siku za hatari hazijirudii.

Kuhara kukaisha. Lakini uzao uliofuata ukanipa fumbo jingine. Watoto wazima, wachangamfu, wanamaliza chakula, na bado hawakui. Safari hiyo nilikuwa nimechachusha chakula kamili cha watoto, kile cha dukani chenye kila kitu, nikiamini ndiyo njia bora zaidi. Hapa ndipo ninapotaka mfugaji mwenzangu asikilize vizuri. Chakula hicho kimeongezwa laisini, kirutubisho ambacho mtoto wa nguruwe akikikosa hajengi nyama, hata ukimshibisha vipi. Laisini hiyo ya kuongezwa iko huru, na ndani ya pipa bakteria kama E. koli huivunja kabla asidi haijawadhibiti. Nilikuwa nalipia laisini na kuwalisha bakteria.

Tangu hapo nachachusha nafaka peke yake. Soya iliyokaangwa, omena (dagaa) ya kusaga, madini na laisini huingia kwenye ndoo dakika ya kulisha, na kinakwenda moja kwa moja horini. Soya mbichi siigusi, kwa sababu huzuia usagaji wa protini. Nalisha kidogo kidogo mara tano kwa siku, naosha hori, na maji safi hayakosekani pembeni.

Julai ilikuwa na somo lake. Usiku wa Nairobi ukishuka hadi nyuzi 11 au 12, pipa lilianza kunuka kama busaa. Baridi ilikuwa imewapa hamira nguvu kuliko bakteria wa laktiki, nguvu ya nafaka ikawa inaishia kwenye pombe na gesi, na watoto wakawa wanakigusa chakula na kuondoka. Nililimwaga lote, nikaanza upya kwa maji ya vuguvugu, pipa nikalihamishia stoo iliyopakana na jiko na kulifunga blanketi mbili. Nalenga nyuzi 25 hadi 30.

Pipa halisafishi mahindi yenye ukungu, sumu yake hubaki palepale. Wala halifanyi makombo ya hotelini yawe salama. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo makombo huweza kuileta na iliyoelezwa kwa mara ya kwanza hapahapa Kenya mwaka 1921, haina tiba, na mimi makombo siyaingizi kwangu kabisa.

Uzao wa mwisho ulikuwa wa watoto 10, na wote 10 wamevuka mwezi baada ya kuachishwa. Wiki jana mfugaji wa Ruai alikuja kuomba chachu. Nilimjazia jerikeni ya lita 5, nikampimia pH mbele yake, nikamwambia asiukaze mfuniko njiani kwa sababu ya gesi, na akifika aimimine kwenye nafaka yenye maji ya vuguvugu siku hiyohiyo, kabla baridi ya jioni haijaingia.