Mabati Yameanza Kujaa Viazi

Muulize mtu yeyote wa Tabora mvua ya kwanza ya Novemba ilimkuta wapi, atakwambia. Ilimkuta njiani na gunia la mkaa kwenye baiskeli. Ilimkuta amelala, akatoka nje kuhakikisha. Ilimkuta choo hakijaezekwa. Sasa muulize ile ya mwisho ilinyesha lini. Atakuna kichwa. Mvua ya mwisho haiagi. Inakuja jioni moja ya Aprili, au hata Mei ikianza, unaanua nguo huku unanung'unika kama siku zote, basi, huioni tena mpaka Novemba nyingine. Ndiyo maana kiangazi chetu hakina siku ya kwanza. Hakina ngurumo, hakina harufu ya udongo, hakuna mtoto anayekimbia uchi uani kukishangilia. Kinaingia watu wakiwa wanashughulika na mambo yao.

Mwaka huu mimi nimeshtuliwa na suruali ya jinzi. Tangu Desemba ilikuwa ikifuliwa Jumamosi, inashinda kambani, inalala ndani juu ya kiti, Jumapili inarudi kambani, na Jumatatu bado mshono wa kiunoni una unyevu na kaharufu ka uvundo ambako nilishakazoea. Juzi nimeianika asubuhi, nimekwenda dukani kununua sabuni, nikapiga soga kidogo, kurudi nakuta imekauka kau. Imekakamaa miguu yote miwili, ukiisimamisha inasimama. Nikatazama juu. Hapakuwa na hata kipande cha wingu. Nikajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho niliona wingu lenye maana, sikuweza.

Wengi wakitaja kiangazi wanamaanisha Septemba na Oktoba: vumbi mpaka kwenye sukari, moshi wa mbuga zilizochomwa, ndoo kwenye foleni, joto la kulala sakafuni. Hayo yapo na yatakuja, siyakatai. Lakini naona kiangazi kinaonewa, kinahukumiwa kwa uzee wake. Wiki zake za mwanzo, hizi za Mei kuelekea Juni, ndizo nzuri kuliko zote katika mkoa huu. Najua wapenzi wa embe watanipinga. Wasubiri zamu yao.

Nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Isevya anakaa bibi mmoja mwenye shamba lake nje ya mji. Juma hili wajukuu wake wameshusha kiroba baada ya kiroba cha viazi vitamu, na uani pamegeuka kiwanda. Nilimsalimia, "Mwangaluka, bibi," akaitikia bila kuinua macho, kisu kinaendelea.

"Mbona haraka hivyo? Si ungeviacha shambani ukawa unachimba kidogo kidogo?"

"Nimwachie nani, mjukuu wangu? Fukusi?"

Ndivyo ilivyo. Udongo wetu ukishakosa mvua unapasuka, na kwenye zile nyufa fukusi anapita mpaka kwenye kiazi. Ukichelewa unachimba viazi vyenye matobo, vichungu, hata nguruwe anavifikiria mara mbili. Kwa hiyo jua lile lile linalopasua ardhi ndilo linaloombwa msaada: viazi vinatolewa chini vinapandishwa juu ya bati. Toka asubuhi utembee mitaa ya huku utaona. Mabati, mikeka, maturubai, na kwa wenye bahati ya kuwa na jabali karibu, juu ya jabali lenyewe.

Vinavyoanikwa ni vya aina mbili, na msomaji wa pwani naomba asivichanganye. Michembe ni viazi vibichi: vinamenywa, vinaachwa vinyauke, vinakatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Vikikauka ni vyeupe, vyepesi, vinagongana kama vigae. Hivyo ni vya kupika. Unavichemsha, unavitia karanga za kusaga, na hicho ni chakula cha familia nzima wakati ghala limeanza kuonyesha sakafu. Matobolwa ni habari nyingine. Hivi vinachemshwa kwanza na maganda yake, vinamenywa, ndipo vinakatwa na kuanikwa. Vinatoka na rangi ya kahawia inayong'aa kidogo, vigumu, vitamu, na huhitaji kuvipika tena. Unatafuna na chai, au na karanga za kukaanga, au peke yake ukiwa safarini. Vinataka meno na subira. Kwenye nyumba nyingi za Wanyamwezi na Wasukuma wapo wa upande wa michembe na wapo wa upande wa matobolwa, na ubishi wake hauishi. Mimi ni wa matobolwa na sina mpango wa kuhama.

Lakini nitasema siri. Matobolwa yenyewe yaliyokauka sawasawa, yale unayoyakuta sokoni kwenye sinia, si ndiyo kilele cha utamu. Kilele ni siku ya pili ya kuanikwa. Nje kipande kimeshaanza kukaza, kimefanya ngozi, ila ndani bado laini, na sukari yote imejikusanya katikati. Jioni ya siku hiyo, bati likiwa bado na joto, ndipo kinaliwa. Ukichelewa kwa siku moja kimeshapita. Huwezi kukinunua popote, maana hakiwekeki. Kikifungwa hivyo kinaota ukungu. Kukipata lazima uwe jirani wa bati la mtu, na uwe mtu wa kusalimia vizuri.

Watoto wanalijua hili kuliko wanasayansi. Mjukuu mdogo wa bibi kapewa fimbo ndefu alinde kuku wasipande. Kuku hawajala hata kipande. Sinia la kona lakini lina mapengo, na mlinzi hakutaka chakula cha mchana.

Baridi nayo imeanza kujitambulisha. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na tupo mbali magharibi wakati saa tunayoitumia ni moja na ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mwezi huu jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi. Watoto wa shule wanapita gizagiza na masweta yao ya bluu, mikono imeingizwa ndani ya mikono ya sweta, wanatoa moshi mdomoni na kujifanya wavuta sigara. Halafu jua likishatoka, kuna ile nusu saa ya kuota jua. Sijui kama kuna raha ya bure inayoizidi. Wazee wanahamisha vigoda upande wa mashariki wa nyumba, mgongo kwenye ukuta. Mama anayeuza uji wa karanga kwenye kona anapata wateja ambao hawana njaa, wanataka tu kushika kikombe. Hata sisi tunaokwenda maofisini tunasimama nje ya mlango tukijadili mambo mazito ya kitaifa, funguo mkononi, hakuna anayefungua. Kuna siku bosi alifika, tukanyamaza, naye akageuka akasimama nasi, akaupa jua mgongo wake.

Juzi usiku dada yangu kapiga simu kutoka Dar. Kule masika bado yanawaandama: nguo hazikauki, maji yamefunga barabara ya Jangwani, mtoto ana mafua. Nikasikia aibu kumwambia habari ya jinzi. Nchi moja, mwezi mmoja, wao wanachota maji sebuleni sisi tunaanika viazi.

Nilipokata simu nilitoka nje nikakumbuka alichonifundisha marehemu babu, kutazama magharibi baada ya magharibi. Kile kikundi cha nyota kinachoitwa kilimia, ambacho Novemba kinapanda mashariki jua likishazama, wakati watu wanatafuta mbegu, sasa hakipo. Kimezama na jua. Kitapotea kwa wiki kadhaa, na Juni mwenye kuamka kabla ya alfajiri ataanza kukiona upya upande wa mashariki. Watu wa pwani wana msemo wao: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa dada yangu msemo unalingana kabisa, kinamzamia kwenye masika na kitamtokea kwenye kipupwe. Kwetu kinazama mvua ikiwa imeshatutoka. Babu aliupenda ule msemo hivyo hivyo, akisema watu wa pwani hawana kosa, wamekaa tu mahali pabaya.

Jumapili nilitembea mpaka Kwihara kwa miguu, kwa sababu moja tu: njia imekauka. Machi njia ile ni matope ya kukuvua viatu. Sasa udongo umeshikana, umekuwa laini chini ya soli, bado haujawa vumbi. Hii nayo ni ya wiki chache. Nyasi pembeni ni ndefu kunizidi, zinageuka rangi kuanzia juu, na upepo wa kusini mashariki ukipita zinafanya sauti kavu ambayo miezi yote ya mvua haikuwepo. Nilirudi suruali imejaa kishona nguo kuanzia goti kwenda chini. Nikakaa kwenye ngazi kuzichomoa mbegu moja moja, kazi ya kijinga kabisa, na sikutaka iishe upesi.

Pale Kwihara lipo lile tembe alilokaa Livingstone. Yeye na Stanley walifika Februari 1872, Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, mzee akabaki akisubiri wapagazi atakaotumiwa. Aliondoka Agosti. Wageni wanaokuja kuangalia wanauliza habari za ramani na chanzo cha Nile. Mimi nilisimama pale uani nikahesabu miezi kwenye vidole: Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Kumbe mzee yule mvua ilimwishia hapa hapa, akaiona Mei yetu na baridi ya Juni, hana la kufanya ila kungoja. Natumaini kuna bibi alimpa kitu cha kutafuna.

Asali pia imeanza kuingia mjini. Miti ya miombo, muba na jamaa zake, ilichanua wakati wa mvua, na warinaji wa upande wa Sikonge na Ipole sasa wanarudi na ndoo. Unaijua mpya kwa harufu: ina moshi kidogo na kitu cha porini ambacho baada ya miezi ndani ya dumu kinapungua. Bado wapo wanaotumia mizinga ya magome. Mabwana nyuki wamekuwa wakiwaasa waiache, kwa haki kabisa, kwani mti uliobanduliwa gome ili upate mzinga mmoja ni mti uliokufa. Nakubaliana nao. Ninachofuata mimi ni sega. Nanunua kipande kidogo kwenye mfuko, natafuna njia nzima, nta naitema karibu na nyumbani.

Na kuna mengine madogo yasiyohitaji maelezo marefu. Karanga mbichi za kuchemsha zinazoelekea ukingoni. Mbu wachache, ukilinganisha. Harufu ya mpunga mpya. Honi ya treni usiku, ambayo miezi ya mvua inazibwa na kelele za bati, sasa inasikika mpaka huku Isevya, na ukiwa mzoefu unabahatisha kama ni ya Kigoma, ya Mwanza au ya Mpanda. Unaweza hata kuamini itafika kwa wakati, maana maji yameacha kuchezea tuta la reli kule Kilosa na Gulwe. Miembe ya mjini nayo haijatoa ua hata moja, nimekagua. Mwezi ujao, labda.

Dada kaniagiza. Alipiga tena jana, mafua ya mtoto yamepungua, akataka asali lita moja ("usiweke kwenye chupa ya maji, ilimwagikia kwenye basi mwaka jana"), michembe debe moja, na matobolwa. Ya michembe na asali nimeshamaliza. Matobolwa nimemwomba bibi, naye amekubali kuniuzia, ila kasema nisiyafunge mpaka yakauke kabisa, na kanigawia yangu niyaanike mwenyewe kwenye bati la jikoni kwangu.

Leo dada ameuliza mbona hayatumwi. Nimemwambia jua la huku siku hizi ni dogo. Kasema atumiwe hata kama ni kidogo. Nimepanda kwenye stuli kuangalia yaliyobaki, na kwa kweli, kidogo ndiyo neno lenyewe. Kesho nitamsalimia bibi vizuri zaidi.