Tuligongwa na bodaboda njia ya Lushoto, na gari lilikuwa la kukodi

Watu wanaokuhimiza mmalizane palepale barabarani mara nyingi wana nia njema, ila gari likiwa la kukodi, ushauri wao unaweza kukuponza. Sisi tuligongwa tukipandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto, na kilichotusaidia ni kukataa kumalizana.

Gari tulilikodi Dar es Salaam kwa ajili ya likizo ya familia. Kabla ya kutia saini niliomba majina yetu sote wawili, mimi na mume wangu, yaandikwe kwenye mkataba kama madereva, na kiasi tutakachobeba wenyewe likitokea la kutokea kitajwe kwa tarakimu. Namba ya gari niliingiza kwa simu kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, nikaona bima ipo hai. Kisha nikausoma waraka wenyewe: bima kubwa, yaani inayolipia hata gari lenyewe, matumizi ya biashara. Hapo kwenye matumizi pasomeni kwa makini sana. Wapo wanaokodisha gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, na likipata ajali kampuni ya bima inakuwa na sababu ya kukataa kulipa. Mwisho nililizunguka gari nikilirekodi video, pamoja na mkwaruzo uliokuwa mlango wa nyuma.

Barabara ile ya mlimani ni nyembamba, kona juu ya kona, huku mwamba, huku bonde. Nilikuwa naendesha mimi, upande wangu wa kushoto, na kwenye kila kona nilipiga honi. Kijana wa bodaboda alikuwa anashuka na tenga la nyanya nyuma, kona ikamzidi, akaja upande wetu. Nilikuwa nimeshakanyaga breki karibu gari lisimame. Akagonga taa ya kulia na bampa, akaanguka. Nyanya zikabingirika kwenye lami, nyingine zikapondeka chini ya tairi, na mtoto wetu mdogo akapiga kelele akidhani ni damu.

Cha kwanza ilikuwa ni yule kijana. Goti limechunika, mkono unamuuma, lakini anaongea. Mume wangu akaweka pembetatu juu na chini ya kona, maana lori likitokea pale ajali inakuwa nyingine. Mimi nikapiga picha kabla chochote hakijasogezwa: magari yalivyosimama, alama ya breki, namba za usajili, nyanya zilipomwagikia.

Watu wakajaa haraka. Wengi walimsemesha mume wangu, wakidhani ndiye dereva. "Baba, mpe kijana hela ya dawa na ya nyanya, mwende zenu." Mzee mmoja akaja kwangu kwa upole na maneno hayohayo. Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Gari si letu. Nikitoa hela hapa nimekubali kosa, na mwenye gari anaweza kunyimwa malipo na bima. Kijana tutampeleka hospitali, hayo mengine tuwaachie trafiki." Akanielewa, na ndiye aliyewatuliza wenzake.

Nilichomwambia kimo kwenye mikataba ya bima: mwenye bima, au anayeendesha gari lake, asikiri kosa wala kuahidi malipo bila kampuni kuridhia. Kumhudumia aliyeumia ni jambo jingine kabisa. Sheria inakutaka usimame na umsaidie, na utu unakutaka hivyo hata kabla ya sheria. Mume wangu aliandamana naye, wakachukua PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi, wakaenda hospitali ya wilaya. Mkono haukuwa umevunjika, tukashukuru Mungu.

Mwenye gari nilimpigia nikiwa bado palepale, nikamtumia picha na mahali tulipo kwa WhatsApp. Trafiki walipofika walipima barabara na kuchora ramani ya ajali. Maelezo yangu niliyasoma yote kabla ya kusaini, nikaomba iongezwe kwamba gari lilikuwa upande wake. Pikipiki nayo niliingalia TIRA MIS: bima ndogo, ile inayolipia hasara ya mtu mwingine, ilikuwa hai. Hiyo ilikuwa bahati ya sote, kijana akiwamo, kwa sababu bima yake ndiyo ingebeba uharibifu wa gari badala ya mfuko wake.

Gari lilibaki kituoni kusubiri mkaguzi wa magari, sisi tukapandisha Lushoto kwa Noah ya abiria na mabegi mapajani. Irente, kwenye ukingo wa mlima wa kutazamia mandhari, tulifika, watoto wakaiona tambarare iko chini kabisa. Likizo haikufa.

Kazi nyingine ilikuwa Dar. Mwenye gari alitaka kuingiza na ule mlango wa nyuma kwenye gharama zetu. Nikamwonyesha video, yakaisha bila maneno makali. Kiasi cha kwenye mkataba alikikata kwenye dhamana yetu, hela tuliyomwachia wakati wa kukodi, na nilikubali kwa sharti moja: aandike kwamba bima ya pikipiki ikilipa, tunarudishiwa. Akaandika. Baada ya hapo kila nilipopata nafasi nilimkumbusha, nikamfuatilia na nakala ya ripoti ya polisi, hadi ujumbe wa muamala ukaingia kwenye simu, kiasi kamili.