Vioo na jua la Dodoma

Leo kwenye daladala ya Mtumba watu wamebishana utadhani ni Simba na Yanga: eti jiji limependeza kwa maghorofa ya vioo. Haya, treni ya SGR tumeipata 2024, barabara zinajengwa, hapo sina neno. Ila juzi nilipanga foleni ofisi moja saa nane mchana: ukuta mzima kioo, mapazia yameshushwa, taa zinawaka, feni inazungusha joto tu. Basi humo kwenye daladala mzee mmoja Mgogo akasema tembe la babu yake, ile nyumba ya asili ya udongo, lilikuwa na ubaridi kuliko hizo ofisi. Wakamcheka! Kuta nene za udongo, paa la udongo, joto lipite wapi? Wasanifu wetu, tupeni baraza pana na madirisha yanayofunguka. Na miti vituoni, jamani.