Nilivyotoka wodi ya wazazi kwenda kusoma sayansi ya data

Mimi ni muuguzi mkunga. Shahada yangu ya kwanza ni ya uuguzi, na sasa nipo mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya sayansi ya data, Dar es Salaam. Wenzangu wa afya hawachoki kuniuliza nimewezaje, wakati kompyuta sikusomea na hesabu nilizikimbia tangu sekondari.

Kupata nafasi kulikuwa kwepesi kuliko nilivyodhani. Chuo changu kilitaka GPA isiyopungua 2.7 na ushahidi kwamba umewahi kusoma takwimu. Somo la takwimu za afya la shahada ya kwanza lilinibeba, pamoja na barua ya mganga mfawidhi iliyosema mimi ndiye niliyekuwa nafunga ripoti za kila mwezi za MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kilichochelewa ni ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri. Hiyo ianze kufuatiliwa kabla hata hujajaza fomu ya chuo.

Jasho lilinitoka kwenye hesabu. Kidato cha tano na sita, sisi wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) tulisoma BAM, hesabu nyepesi, wenzetu wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) ndio waliosoma Advance, hesabu za juu. Sasa nafungua mtaala wa muhula wa kwanza nakuta matriksi (namba zilizopangwa kwa mistari na safu), vekta, kalkulasi na uwezekano, vyote vinachukuliwa kwamba unavijua. Jirani yetu ana kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri kwenda JKT. Nikamwomba anifundishe jioni, nami nikawa namnunulia vocha. Nilikuwa nakariri hatua za kuzidisha matriksi kama nilivyokariri dozi za dawa, naye akanikatiza: "Anti, acha kukariri, chora." Akachora mshale kwenye karatasi, ndiyo vekta yenyewe, akauzidisha kwa matriksi ya namba nne, akachora mshale uliopatikana: umegeuka na kurefuka. Akabadilisha namba moja tu, mshale ukalalia upande mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa matriksi inafanya kazi gani. Walimu wa chuoni walipofika kwenye mada hiyo walikwenda mbio, ila mimi nilikuwa nauona ule mshale.

Python, lugha ya kuandikia programu, haikunisumbua sana. Ukishazoea kwamba inaanza kuhesabu kwenye 0, mengine ni mazoezi ya kila siku na bando la intaneti.

Kilichonishangaza ni kwamba wodi ilikuwa imenifundisha jambo ambalo vijana wa IT hawakuwa nalo. Mazoezi ya mwanzo tulifanyia data ya maua ya Iris, ile aliyoitumia mwanatakwimu Fisher mwaka 1936: maua 150, aina tatu, 50 kila aina, hakuna nafasi iliyo wazi. Data safi mno. Tukaja kupewa ripoti za mwezi za vituo vya afya, zimejaa mapengo, na kundi letu likataka kuweka 0 kila penye pengo ili programu isigome. Nikakataa. Kwenye kitabu namba 12, kile cha wodi ya wazazi, 0 ina maana hakuna mama aliyetokwa na damu nyingi mwezi ule. Pengo lina maana nyingine kabisa: labda mkunga alikuwa peke yake zamu ya usiku, akina mama wawili wanajifungua kwa wakati mmoja, na kitabu kikasubiri mpaka kikasahaulika. Ukijaza 0, kituo kilichozidiwa kinageuka kuwa kituo salama kuliko vyote.

Modeli yetu, yaani programu inayojifunza kwenye data ili itambue mama yupi atatokwa na damu nyingi, nayo ilileta ubishi. Ilipata usahihi wa asilimia 97 na watu wakaanza kupongezana. Nikauliza imewatambua akina mama wangapi kati ya wale waliotokwa na damu nyingi kweli. Hakuna hata mmoja! Katika kila akina mama 100 wa data ile, watatu ndio waliopata tatizo, kwa hiyo modeli ilijifunza kumwambia kila mtu "huna shida" na ikapata 97 zake. Mkunga wa namna hiyo tungemwondoa zamu. Tukaanza upya, safari hii tukipima kwanza ni wangapi kati ya wale watatu tunawapata.

Tasnifu yangu inahusu mapengo hayohayo. Majina ya wagonjwa nitayaondoa, lakini taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo sitazipandisha kwenye zile huduma za bure za mtandaoni nilizojifunzia. Laptopu yangu ya RAM GB 4 haitazimudu, nitafanyia maabara ya chuo. Ninachosubiri sasa ni kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Ukitaka kutumia data ya wagonjwa, andika pendekezo lako la utafiti mapema, hata kabla ya kumaliza masomo ya darasani, maana maswali ya kamati ya maadili hayajibiki kwa siku moja.