Siku yangu moja: fundi ninayelipwa kuchafua sauti

Saa 11:30 alfajiri natoka Mbagala, saa 1:00 asubuhi nafungua fremu Kariakoo. Hapo katikati ni daladala na kusimama, hakuna la kusimulia.

Fremu yenyewe ni nusu fremu. Nusu ya pili anayo dada anayeuza kava za simu, na mpaka wetu ni kabati la kioo. Ukiniuliza kazi yangu nitasema fundi wa vyombo vya muziki. Ukimuuliza mama mkwe atakwambia mkwe wake anatengeneza redio. Simlaumu, kwa sababu kinacholipa kodi hapa ni sabufa, amplifaya za ma-MC na maiki zilizoangushwa harusini. Pedali za gitaa la umeme zinakuja kwa nadra, na nyumbani hakuna anayeelewa kwa nini zikija naziweka mbele ya kazi zenye hela.

Niliyoshinda nayo Jumamosi hii ni ovadraivu ya pande mbili. Ni kisanduku cha chuma chenye nobu sita juu na swichi mbili za kukanyaga, kinakaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Kazi yake ni kuchafua sauti. Ndiyo, kuchafua. Wimbi la gitaa linaingia na vilele vyake vya mviringo, linakuzwa, kisha dayodi, vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinavikata vile vilele, na nota iliyoingia laini inatoka na mkwaruzo. Zamani mkwaruzo huo ulipatikana kwa kuifungulia amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, mpaka ilemewe. Kampuni ya Boss ya Japani wakauweka ndani ya kisanduku cha OD-1 mwaka 1977, wenzao Ibanez nao wakaja na pedali ya Tube Screamer, na saketi ya hiyo Tube Screamer mpaka leo inaigwa kila kona ya dunia. Ya pande mbili ni saketi mbili kwenye boksi moja. Upande mmoja unauacha ukwaruze kidogo wakati wa ridhimu, wa pili unaukanyaga solo ikifika, na ukiwasha zote mbili wa kwanza unausukuma wa pili, sauti inajaa.

Dada wa kava aliwahi kuniuliza, "Kwa hiyo kaka, wanakulipa uharibu?" Wananilipa niharibu vizuri, dada yangu.

Saa 1 mpaka saa 4 nilimaliza sabufa mbili, nikabadilisha jeki ya maiki, nikanywa chai na chapati mbili.

Saa 4:20 wakaingia wawili. Kijana mpiga solo wa kwaya, amebeba pedali kwenye mfuko wa Rambo, na mzee wa kanisa, ambaye ndiye mwenye hela. Nilipomwona mzee ametangulia kukaa nikajua siku imeisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Sasa, hiki kidude ni waya tu umechomoka. Dakika 10. Tunasubiri hapa hapa."

"Nani kasema ni waya?"

"Fundi wetu wa kule mtaani. Alikifungua, akakitengeneza, kikapiga wiki nzima."

Hakuna maneno yanayonichosha kama hayo: alikifungua, akakitengeneza. Nikafungua skrubu nne za chini, na kabla sijaona kitu nikasikia harufu. Pale umeme unapoingilia kuna nafasi ya dayodi ya ulinzi. Ilikuwa tupu, na bodi imeungua rangi ya kahawia. Nikamgeukia kijana, nikamuuliza adapta gani anatumia. Akatazama sakafu. "Ya kinanda, fundi. Yangu ilipotea."

Hapa ndipo ugonjwa wote ulipo. Pedali nyingi zinataka volti 9, hasi katikati ya pini na chanya nje. Adapta ile ya kinanda ilikuwa ya volti 12, chanya katikati, na pini yake inaingia bila hata kulazimisha. Ukiichomeka, ile dayodi inafungua njia, umeme wote unapita kwake badala ya kwenda kwenye saketi, na adapta ikiwa na nguvu dayodi inaungua. Ikiungua inakuwa shoti, pedali haiwaki kabisa. Fundi wa mtaani akaona dayodi ndiyo inazuia umeme, akaing'oa. Pedali ikawaka na betri, akasifiwa. Wiki iliyofuata kijana akachomeka adapta ile ile, na safari hii hakukuwa na kitu cha kuzuia. Kapasita mbili, vile vikopo vya kutunza chaji, zilikuwa zimevimba, na aisi zote mbili, zile chipu zinazokuza sauti, moja kila upande, zilikuwa zimekufa.

"Mzee, hii ni kazi ya 25,000."

"Ya waya?"

Sitaandika majadiliano yote, tutakesha. Nilionyesha dayodi isiyokuwepo, nikaonyesha kapasita zilizovimba, nikampa mita ya kupimia umeme ajionee mwenyewe. Akaniambia kanisa halina mradi. Nikamwambia hata mimi sina. Akaniambia kazi ya Mungu haina bei. Nikamwambia kweli, ila aisi zina bei. Kijana muda wote kimya, anaiangalia pedali yake kama ndugu aliyelazwa Muhimbili. Tukafika 20,000, atatoa 15,000 jioni na 5,000 Jumatatu kamati ikikaa. Wakaondoka. Ibada ya mazoezi saa 12 jioni, pedali iwe tayari saa 11.

Saa 5 mpaka saa 6 kazi ilikwenda. Nikaweka dayodi mpya, kapasita mpya, nikang'oa aisi zilizokufa. Sikulehemu mpya moja kwa moja, niliweka soketi kwanza, ili yakitokea tena mtu achomoe na kuchomeka tu. Aisi ni 4558, ya miguu minane. Mguu wa 8 unapaswa kusoma karibu volti 9, wa 4 sifuri, wa 1 na wa 7 nusu ya ile tisa, yaani 4.5. Hiyo nusu ndiyo roho ya kitu chote. Wimbi la gitaa linapanda na kushuka, kwa hiyo linahitaji kusimama katikati. Likisimama juu sana au chini sana linakatwa upande mmoja tu, na nota ikianza kufifia inatemateka badala ya kuisha polepole. Upande wa kushoto ukasoma 4.5. Nikachukua gitaa langu la majaribio (nyuzi zina kutu, na mimi najua kodi nne tu za gitaa, hazijawahi kunipungukia), nikapiga, mkwaruzo ukatoka mzuri, ukafifia bila kutema.

Upande wa kulia nao 4.5. Nikakanyaga. Kimya.

Simu ya kwanza ya mzee iliingia hapo. "Fundi, tumefikia wapi?"

Na umeme ukakatika.

Kariakoo umeme ukikatika huwezi kukosa kujua, jenereta zinaanza kunguruma mtaa mzima. Muuza mashuka wa mbele yangu ni mtu mwema, akanipa laini ya jenereta yake. Pasi ya kulehemu ikapata moto, lakini amplifaya ilipowaka ikaja na mguno mzito ambao sikujua wa nani: wa jenereta, wa kebo, au wa pedali. Na kazi yangu yote ni hiyo, kutofautisha uchafu unaotakiwa na uchafu usiotakiwa. Mteja anataka mkwaruzo. Hataki mguno, hataki mlio wa inzi, hataki stesheni ya redio kuingia katikati ya pambio. Kwenye jenereta ile vyote vilikuwa vimechanganyika.

Nikazima. Nikaipa pedali betri ya volti 9, nikatoa kiamplifaya kidogo cha betri ninachoweka kwa siku kama hizi, nikaanza kuitafuta sauti. Cha kutafutia ni waya mmoja unaotoka kwenye kiamplifaya hicho, wenye kapasita kwenye ncha. Unaugusisha kwenye bodi hatua kwa hatua, na pale sauti inapopotea ndipo penye tatizo. Kwenye jeki ipo. Kwenye aisi ipo, imeshachafuka tayari. Huku kulia dayodi ni tatu, mbili zikielekea huku na moja kule, mtindo ule wa OD-1, kwa hiyo wimbi linakatwa bila usawa na mkwaruzo wake ni mwingine kabisa na wa kushoto. Kwenye nobu ya volyumu ipo. Mbele ya volyumu, hakuna. Simu ya mzee. Simu ya mzee tena.

Nilipokuwa nimeinama hivyo, jasho linanitiririka, feni imekufa, akaingia mzee mwingine, huyu rafiki yangu, aliyepiga ridhimu kwenye bendi za dansi mpaka vidole vikagoma. Huja kupumzika tu. Akaitazama pedali akasonya. "Sisi tulikesha tunapiga bila hicho." Ni kweli, na mimi ni mshabiki. Ukisikiliza bendi kama Msondo Ngoma au Sikinde, magitaa yanajibizana, solo, sekondi solo, ridhimu, besi, na kila nota unaisikia peke yake. Ukileta mkwaruzo pale unaharibu mazungumzo. Ila nilimwambia, mzee wangu, kanisani kuna dramu, vinanda viwili na kwaya nzima imeshika maiki. Gitaa safi linamezwa. Saketi hii ya kushoto kabla haijachafua inapunguza besi, kuanzia kama hezi 720 (mitetemo 720 kwa sekunde) kushuka chini, halafu inanyoa na ukali wa juu. Kinachobaki ni katikati, na katikati ndipo solo inapopenya. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Basi mwambie apige nota chache." Huo ni ushauri bora kuliko wowote nilionao mimi.

Wali maharage wa mama ntilie nilikula saa ngapi sijui. Ulikuwa wa baridi.

Tatizo lilikuwa kwenye swichi ya kukanyaga. Ina miguu tisa, safu tatu za mitatu mitatu: safu mbili zinapitisha sauti, ya tatu inawasha taa. Fundi yule alipokuwa anahangaika aliibana pasi kwenye miguu yake muda mrefu, plastiki ya ndani ikayeyuka, na safu moja ya sauti haigusi tena. Swichi ya namna hiyo nilizunguka kuitafuta maduka ya karibu, nikapata ya miguu sita. Haifai. Saa 10 ilishapita. Bahati, ndani ya pedali ile swichi zimeunganishwa kwa waya, hazijakaa juu ya bodi. Nikahamisha waya za sauti kutoka safu iliyokufa kwenda kwenye safu ya taa. Sauti ikapita. Taa ya kulia haitawaka tena mpaka nipate swichi kamili, lakini taa haipigi muziki.

Ndivyo nilivyodhani.

Wakaja, umeme umesharudi. Kijana akachomeka, akapiga kushoto, akapiga kulia, akakanyaga zote mbili na kushika nota moja juu kabisa. Ikasimama, ikajaa fremu nzima, ikashuka taratibu. Wapita njia wawili wakasimama. Dada wa kava akaacha kuhesabu hela. Kijana akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na mimi uchovu wote ukanitoka mgongoni.

Mzee akainama, akaangalia. "Fundi. Hii taa haiwaki."

Nikaeleza. Akaniuliza kama sauti inapita basi umeme upo, na kama umeme upo kwa nini taa haiwaki. Nikaeleza tena, nikaonyesha miguu tisa. Akasema wao walileta kidude kina taa mbili. Nikasema mlileta kidude hakina sauti hata moja. Kijana akasema, "Mzee, mimi nasikia, sihitaji taa." Mzee akamjibu kwamba kamati haisikii, kamati inaona. Hapo nikakosa jibu. Tulibishana kuhusu kitaa cha ukubwa wa punje ya mtama kwa muda mrefu kuliko nilivyolehemu aisi mbili. Mwisho akatoa 13,000, zile 2,000 kazizuia kwa ajili ya taa.

Nikachukua maka pen, nikaandika kwenye mfuniko wa chini kwa herufi kubwa: VOLTI 9, HASI KATIKATI. ADAPTA YA KINANDA MARUFUKU. Kijana akapiga picha kwa simu. Nikamuuzia adapta sahihi kwa bei niliyoinunulia, mzee akiwa ametoka nje kupokea simu, maana angekuwepo tungeanza upya.

Swichi ya miguu tisa nimeagiza kwa jamaa anayeleta mzigo kutoka Guangzhou, China. Mezani bado kuna sabufa ya mtu wa Buguruni, imeingia maji, na ameshapiga kuuliza tumefikia wapi.