Siku moja maishani mwangu: mimi na chipu za BIOS

Nikisema kazi yangu ni kuflashi BIOS zilizorekebishwa, wengine hudhani nabonyeza kitufe na kukaa, wengine hudhani nafungua mashine za wizi. Nimechoka kueleza kwa mdomo. Hii ni siku yangu ya jana, kama ilivyokwenda.

Kwa asiyejua: kila ubao mama una chipu ndogo, mara nyingi ya miguu minane, isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Humo inakaa programu inayoamka kabla ya nyingine zote ukiwasha kompyuta. Ndiyo inayoiamsha RAM, ndiyo inayotafuta diski, ndiyo inayoikabidhi kazi Windows au Linux. Siku hizi ni UEFI, ila wengi wetu bado tunaiita BIOS. Mtengenezaji huitoa na mipaka yake. Mimi naifungua, nabadilisha kipande kinachohitajika, kisha naiandika upya kwenye chipu. Nikikosea, mashine haiwaki, na hakuna diski ya kuokolea itakayosaidia, maana mwenye kuisoma hiyo diski ndiye aliyekufa.

Saa 2:00 asubuhi. Nafungua, napangusa meza, navaa mkanda wa kuondoa umeme tuli, napima volti za programa, kile kifaa cha kusomea na kuandikia chipu. Yangu ni ya CH341A. Ile nyeusi ya bei rahisi ina kasoro inayojulikana na mafundi: hata ukiiwekea volti 3.3, nyaya zake za data hutoa 5. Yangu niliilehemu upya ikakaa sawa, lakini naipima kila asubuhi hata hivyo.

Saa 2:30. Ubao wa kompyuta ya mezani wenye chipset (chipu inayounganisha kichakato na sehemu nyingine za ubao) ya Z77, wa mwaka 2012. Mwenyewe amenunua diski ya NVMe, aina ya diski za kasi, na adapta ya kuichomeka kwenye PCIe, ile nafasi ya kadi kwenye ubao. Windows inaiona, ila kompyuta haikubali kuwakia humo kwa sababu BIOS haina dereva ya NVMe. Kiwango cha NVMe kilitoka mwaka 2011, na mbao nyingi za wakati ule hazikuwa zimekifikia. Dawa ni kuingiza moduli moja ndogo ndani ya faili la BIOS. Nafungua faili kwa UEFITool, programu ya kufungulia mafaili ya BIOS, naingiza, nahifadhi, halafu nafungua la zamani na jipya bega kwa bega nikiyalinganisha. Ndani ya mafaili haya kuna vipande vya kujazia nafasi, na programu ikikipoteza kimoja wakati wa kuhifadhi, ubao unaweza kufa bila onyo lolote. Vyote vipo. Chipu ya ubao huu inakaa kwenye soketi: naichomoa, nasoma, naandika, nahakiki, narudisha. Diski inawaka, ila kwenye orodha inajitokeza kwa jina la PATA, aina ya diski za zamani. Namwandikia mwenyewe mapema ili asishtuke.

Saa 4:00. Ujumbe. Mmoja ana mpakato wa kisasa, anataka menyu zote za BIOS zilizofichwa zifunguliwe. Namjibu kwamba haiwezekani. Tangu kizazi cha nne cha vichakato vya Intel, mwaka 2013, mtengenezaji anaweza kuwasha Boot Guard: alama ya ufunguo wake inachomwa kwenye fyuzi ndani ya chipset, na fyuzi ikishachomwa hairudi. Ukigusa sehemu inayolindwa, mashine inakataa kuwaka. Haamini, anasema fundi gani anashindwa. Mwingine anataka nimtolee nywila ya BIOS kwenye mashine ambayo hana risiti yake, wala jina linalojitokeza kwenye skrini halijui ni la nani. Kazi hiyo siifanyi, na kwa sababu ya watu kama yeye sisi wote tunaitwa wezi. Inaniuma, kwa sababu kazi hii ina heshima yake. Mwaka 1999 Ron Minnich na wenzake katika maabara ya Los Alamos, Marekani, walianzisha LinuxBIOS, BIOS ya msimbo huria. Tangu mwaka 2008 mradi huo unaitwa coreboot, na Chromebook zinawaka kwa msimbo wake. Hao nao walikuwa wanaandika upya kilichomo kwenye chipu, mchana kweupe.

Saa 5:00. Hapa ndipo siku ilipoanza kunilemea.

Anaingia kijana na mpakato kifuani kama amebeba mgonjwa. Ananiamkia, "Shikamoo fundi." Naitikia.

"Imezima yenyewe. Jana ilikuwa nzima kabisa."

Nawasha. Taa inawaka, feni inazunguka sekunde tatu, inazima. Inawaka tena yenyewe, inazima. Skrini nyeusi.

"Hujagusa kitu chochote ndani? Hujasasisha BIOS?"

"Sijagusa fundi. Nilikuwa naangalia video tu."

Nimeshaiona tabia hii ya kuwaka na kuzima mara nyingi mno. Lakini mgonjwa husemewa na vipimo, kwa hiyo nafungua. Naondoa betri kubwa, naondoa betri ya saa, naitafuta chipu kwa kioo cha kukuzia. Juu yake imeandikwa 25Q64FW. Hiyo herufi ya mwisho si pambo. Ingekuwa FV, ingekula volti 3.3. FW ni ya 1.8, na ukiipelekea 3.3 unaweza kuiua kabla hujasoma chochote. Nachukua adapta ya kushusha volti, nabana klipu juu ya miguu minane, nageuza waya mwekundu uelekee kwenye kitone cha mguu wa kwanza.

Nasoma. Faili zima ni FF tupu, maana yake klipu haijashika. Nabana upya. Sasa kuna data. Nasoma mara ya pili, hashi ya SHA-256, ile alama inayobadilika hata baiti moja ikibadilika, haifanani na ya kwanza. Mara ya tatu, haifanani na zote mbili.

Siandiki chochote kwenye chipu mpaka niisome mara tatu na hashi zote tatu ziwe moja. Usomaji unaoyumba ni nakala ya uongo, na siku ukihitaji kurudi nyuma utarudi kwenye uongo huo. Nasafisha miguu kwa spiriti. Nabadilisha klipu. Nafupisha waya. Bado inayumba. Tatizo ninalijua: umeme ninaoupeleka kwenye chipu hauishii hapo, unavuja kwenda kulisha sehemu nyingine za ubao, na volti inashuka wakati data inapita.

Wakati wote huo kijana amesimama nyuma ya bega langu. "Bado fundi?" Kila dakika chache. "Mbona rafiki yangu alisema ni dakika kumi?" Kisha anapiga simu akimweleza mtu kwamba fundi anahangaika. Nasikia kila neno. Natamani kumwambia kwamba kuandika ni dakika chache kweli, na kwamba kinachokula saa ni kuhakikisha ninachoandika na mahali ninapokiandikia. Namwonyesha kiti.

Adhuhuri imepita. Naamua kuitoa chipu. Tepu ya kuzuia joto inazunguka eneo lote kwa sababu kuna soketi ya plastiki jirani kabisa. Flaksi kidogo, ile dawa ya kulehemia, bloa ya hewa moto, mkono usitetemeke. Ukiwahi kuinyanyua kabla risasi haijayeyuka unang'oa njia za shaba, na hapo ubao una jeraha jipya lililotoka kwako. Risasi inang'aa, chipu inateleza yenyewe kwa mguso mdogo wa koleo. Naiweka kwenye soketi, nasoma mara tatu. Hashi moja, mara tatu. Mabega yangu yakashuka, ndipo nikagundua nilikuwa nimeyabana tangu saa 5.

Nafungua faili. Jina la modeli lililomo ndani ni pacha wa jina lililo kwenye stika ya chini ya mpakato, ila limezidi herufi moja mwishoni. Ni ubao mwingine kabisa. Namwita, namwonyesha stika, namwonyesha skrini. Sisemi neno.

Anakaa kimya. Kisha: "Samahani fundi. Nilitaka zile menyu zilizofichwa. Nikapewa faili. Programu ilikataa, nikailazimisha."

Mashine ilimkataza. Hiki kinanisumbua kuliko uongo wenyewe, kwa sababu ile programu ilikataa kwa sababu ya herufi hiyo hiyo.

Nikamuuliza kama alihifadhi nakala ya BIOS yake kabla ya kuandika. Akasema hapana. Swali hilo si la kulaumu. Ndani ya chipu hamna programu peke yake. Mna namba ya mashine, mna kitambulisho chake, na mara nyingi mna ufunguo wa Windows uliowekwa kiwandani. Nikiandika BIOS safi ya mtengenezaji, mashine itawaka, ila itakuwa haijijui. Basi nikaanza kuijenga upya. Kushusha sasisho rasmi, kulivua ganda lake, kupanga kila sehemu kwenye anwani yake, kunakili namba kutoka kwenye stika iliyochubuka huku nikiinamisha taa nione kama ile ni 8 au B. Saa sikuziangalia tena. Shingo iliuma, macho yalianza kuona baiti hata ukutani.

Nikiwa karibu kumaliza, nyuma yangu sauti ndogo: "Fundi, kwani ile nakala iliyojihifadhi kwenye flashi haifai?"

Niligeuka polepole. Flashi ilikuwa mfukoni mwake. Imekuwa mfukoni mwake tangu asubuhi. Alisema aliogopa kwamba akikiri alikuwa na nakala nitajua aliflashi mwenyewe, na alipokwisha kukiri akaona aibu kubadilisha maneno mara ya pili. Nilitoka nje. Nilisimama kidogo, nikarudi. Hasira nilikuwa nayo, sifichi, ila nimeshawaona mafundi wanaomtukana mteja mpaka anaficha zaidi, na ubao ndio unaolipia.

Nakala ilikuwa nzima: baiti 8,388,608 kamili, modeli sahihi, namba ya mashine sawa na ya stika. Kumbe ile niliyokuwa naihangaikia ni 8, siyo B.

Nikamuuliza kama bado anazitaka zile menyu. Akashangaa, kisha akatikisa kichwa kukubali. Boot Guard haijawashwa kwenye ubao ule, na menyu zenyewe zimo ndani ya BIOS yake tangu mwanzo, zimefunikwa tu kwa masharti. Nikabadilisha baiti chache katika faili lake mwenyewe, nikalinganisha na la awali, nikahakikisha hakuna kingine kilichosogea. Nikaandika, nikasoma tena, hashi sawa. Nikailehemu chipu mahali pake, nikapima mguu kwa mguu kwa mita, nikarudisha betri.

Nawasha. Feni inazunguka. Sekunde tatu zinapita, haizimi. Skrini bado nyeusi. Dakika moja. Mbili. Kijana ananyoosha kidole kwenye kitufe, namshika mkono. Chipu ikishaandikwa upya, kumbukumbu za vipimo vya RAM hufutika, na ubao unaipima RAM upya tangu mwanzo, gizani. Ukizima hapo unaanza tena sifuri. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado giza lile hunikausha koo. Dakika ya nne nembo ikatokea.

Kisha skrini ya bluu. BitLocker, kufuli la diski la Windows, inadai ufunguo wa urejeshi, tarakimu 48.

"Sijawahi kuweka nywila hiyo mimi!" Hapa alikuwa mkweli. Baadhi ya mashine huifunga diski kwa msimbo bila kuambiwa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo unatunzwa kwenye akaunti hiyo, na BIOS ikibadilika mlango unajifunga. Nikamuuliza akaunti ni ya nani. Dada yake ndiye aliyemfungulia.

Nje kulishaingia giza. Dada akapatikana, akaingia kwenye akaunti, akaanza kusoma. Makundi manane ya tarakimu sita. Kila kundi lazima ligawanyike kwa 11, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja skrini inakukatalia hapo hapo. Kundi la tano lilikataa mara mbili. Dada yule alikuwa mvumilivu kuliko sisi wote: "Rudia nami kaka, polepole, moja moja." Kundi la nane likaingia, na picha ya kijana na mama yake ikajaa kwenye skrini.

Alinishika mkono kwa mikono miwili. Sikuwa na nguvu ya kuzungumza sana. Nikamrudishia flashi yake, nikamwambia aitunze.

Mlango ulipofungwa nikahifadhi mafaili yake mawili, la asili na lililorekebishwa, kwenye diski mbili tofauti. Nikayapa jina la modeli pamoja na ile herufi ya mwisho, namba ya mashine, na tarehe. Kisha nikanawa mikono, flaksi haitoki upesi, nikazima taa ya meza.