Anasa moja tu

Niliahidi wiki hii nitaandika habari ya barua ya ukaazi. Imefika, alhamdulillahi, na dada huko Unguja kajifungua pacha, wa kike wote wawili, mama na watoto wazima. Hayo yatakaa. Mimi nina swali la Bibi, mzee ninayemtunza huku Uingereza, la tangu Jumapili iliyopita, na mpaka leo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili za Bibi mnazijua. Redio ya chumbani ni ile kuukuu ya FM, antena yake imefungwa plasta ya kidonda. Ya jikoni ni ya dijitali, kaletewa na mwanawe. Zote mbili ziko Radio 4 ya BBC, zinawaka tangu kengele za kanisa za alfajiri, na ole wako uzime mojawapo. Sasa ile ya dijitali huchelewa sekunde mbili tatu. Ikifika saa kamili, ile milio sita ya BBC, mitano mifupi na wa mwisho mrefu, inalia kwanza chumbani. Ukishaamini kwamba saa ni tatu, jikoni wanaanza kuhesabu upya. Milio hiyo ipo tangu 1924 ili watu warekebishe saa zao. Nyumba hii unarekebisha mara mbili.

Na siku yenyewe haina mpangilio ambao mimi ningeutambua. Kengele, kila wiki za kanisa jingine. Ibada saa mbili na dakika kumi, mimi nakoroga uji huku watu wanaimba. Kisha magazeti ya Jumapili yanajadiliwa, na Bibi anawajibu kama wanamsikia. Mchana kuna watu wanaouliza mabingwa kwa nini waridi zao zina madoa meusi, kipindi hicho kina umri tangu 1947 na madoa bado hayajesha. Kabla ya taarifa ya saa kumi na mbili jioni, hali ya bahari: Dogger, Fisher, German Bight, ndiyo majina ya maeneo ya bahari, upepo wa wapi, nguvu ngapi. Hapo ndipo huwa naacha sufuria nikasikiliza, maana baba yangu alikuwa mvuvi na upepo kwetu ulikuwa habari kuliko siasa. Yeye mwenyewe alikuwa akitunyamazisha nyumba nzima kwa Dira ya Dunia. Nilikua nikiamini BBC ni redio ya Kiswahili. Nimekuja huku ndipo nikajua wana na Kiingereza pia.

Tuje kwenye swali. Saa nne ni Desert Island Discs, kipindi cha tangu 1942, Bibi akiwa mtoto wa miaka mitano. Mgeni anapelekwa kisiwani kwa mawazo, peke yake. Anachagua sahani nane za muziki, anapewa Biblia na Shakespeare (mimi, Bibi alishanihakikishia zamani, nitapewa Msahafu), anaongeza kitabu kimoja, na mwisho anasa moja. Anasa iwe kitu kisicho na faida yoyote, wala kisimsaidie kutoroka.

Jumapili ile mgeni sikumshika hata jina. Nilikuwa nimepiga magoti, namvisha Bibi soksi zake za kubana. Wanaofanya kazi hii wanajua: vidole vinaingia, unyayo unaingia, halafu kisigino kinagoma.

"Na wewe je?" akasema.

"Mimi nini, Bibi?"

"Ungechukua nini kisiwani?"

"Mimi natoka kisiwani," nikamjibu, na nikajiona nimejibu vizuri.

Akanyamaza. Kisigino bado.

"Basi ulipoondoka, ulichukua nini?"

"Sanduku la kilo 23."

"Sikukuuliza sanduku. Nimekuuliza anasa."

Mdomo ukanishinda. Soksi ikapanda ghafla, nikaivuta mpaka chini ya goti, nikasimama nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Sikukuuliza sanduku. Jumatatu nilisema ni dharau. Mtu aliyezaliwa, akaolewa na akazeeka kwenye mtaa mmoja ataniuliza mimi anasa? Jumanne nikasema la, hana dharau huyu, ni udadisi tu wa kizee. Jumatano ndani ya basi nikawa naliandika upya lile jibu, kila kituo na jibu jipya, yote makali, yote yamechelewa kama redio ya jikoni. Jumatano hiyohiyo barua ya ukaazi ilikuwa mkobani na nilikuwa sijaionyesha hata mtu mmoja.

Nikaanza kulipekua lile sanduku kichwani. Vyeti: vina kazi. Bizari: ina kazi. Koti la kuazima, dawa za kichwa, kanga tano. Kanga ina kazi kuliko vyote. Na mbuzi ya kukunia nazi, mama kaizungushia kanga ya sita kwa kuogopa meno yake yasichane nguo. Mbuzi ni chombo cha kazi, hakimu yeyote angeikataa. Ila hapa tui langu linatoka koponi, na mbuzi imekaa uvunguni miaka sita, haijaona nazi. Labda imegeuka anasa bila kuniuliza. Nilicheka peke yangu, lakini jibu halikunitosha. Kilichoniuma ni kwamba katika kilo zote zile hapakuwa na hata robo niliyoichukua kwa sababu naipenda tu.

Leo nimefika, mezani nikakuta futi ya kupimia imesahauliwa juu ya karatasi, na kwenye karatasi mwandiko wa mwanawe: chumba, mita 3 kwa 4. Chini yake: kiti kimoja, kabati dogo, picha za ukutani si zaidi ya nne. Nimekisoma kile kikaratasi mara tatu. Simu ya saa tatu ya mwanawe ikanieleza yaliyobaki. Nafasi imepatikana kwenye nyumba ya wazee, ni mahali pazuri, bustani ipo, mwezi ujao. Bibi ameshakubali. Ameshakubali tangu wiki mbili zilizopita.

Wiki mbili! Kumbe Jumapili ile alikuwa anajua. Mimi nimempeleka mahakamani siku saba, nimemshitaki na kumtetea na kumshitaki tena, na mwenzangu alikuwa anatafuta ushauri kwa mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo ya kuhama. Akapewa kilo.

Saa nne, soksi. Nilisubiri mgeni wa leo aseme anasa yake, chumbani kisha jikoni.

"Bibi, na wewe ungechukua nini?"

Hakufikiri. "Redio ya chumbani."

"Ya jikoni ni mpya. Ina sauti safi."

"Ile inachelewa."

"Basi chukua zote mbili. Nitamwambia mwanao, hazili nafasi."

"Moja tu," akasema. "Ndiyo sheria."

Saa tano ikafika, chumbani kisha jikoni. Ukaingia muziki wa The Archers, kile kijiji chao cha kubuni kinachotangazwa tangu 1951, akaninyooshea kidole ninyamaze. Nikakaa chini pale pale kwenye zulia, kisigino chake mkononi, tukasikiliza habari za watu wasiokuwepo. Kuhusu barua nilimwambia baadaye, wakati wa chai. Akanishika mkono, akaniuliza kama sasa nitaenda kuwaona pacha. Nikasema Mungu akipenda.

Nimerudi nyumbani saa mbili usiku na sasa sina raha kwa jambo jingine kabisa. Kesho ni ile Jumatatu ya mapumziko ya mwisho wa Agosti, na sikumbuki kama wiki za mapumziko gari la taka huja siku yake au husogezwa mbele kwa siku moja. Majirani wote wameshatoa mapipa. Lakini huyu wa kushoto ametoa la kijani, na wa kulia ametoa la bluu.